Chakula cha Mwalimu Nathanaël

Scholastique hakutaka kwenda Houston. Miguu ilikuwa ikimuuma wiki nzima, na kazi ya kuwainua na kuwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee alikoajiriwa ilimfanya aione Jumapili kuwa ni siku ya kulala na si vinginevyo. Lakini Wakongomani wa Houston walikuwa wameialika kwaya yao kwenye mkutano wa maombi, na Lydiah hakutaka kusikia habari ya miguu. Lydiah alikuwa nesi Mkenya aliyeishi Mansfield, msimamizi wake kazini na kiongozi wake kwenye kwaya, na mtu wa namna hiyo huwezi kumkimbia popote.

"Mama Carmel, usiniangushe," alimwambia kwenye simu. "Wewe ukikosa, sauti ya pili itabaki watu wawili na kikohozi."

Scholastique akacheka, akakubali. Binti yake Carmel, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akisoma chuo na kuuza viatu dukani jioni, akasema naye atakuja, awasaidie kuendesha gari. Wakaondoka Haltom City, kitongoji cha Fort Worth walikoishi, kabla jua halijachomoza, vani ya kanisa imejaa, vitenge vya sare vimetundikwa madirishani visikunjike. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2004.

Kwaya iliimba vizuri. Baada ya nyimbo, mchungaji wa Houston akaita wenye ushuhuda waje mbele. Alikuja mama mmoja aliyepona upasuaji, akaja kijana aliyepata kazi. Kisha akainuka mzee mwembamba mwenye suti ya kahawia iliyompwaya mabegani, akatembea polepole hadi kwenye kipaza sauti. Mchungaji alimtambulisha kuwa ni Papa Aimable, anakaa Sharpstown, ameingia Amerika mwaka juzi.

"Bandugu," mzee alianza, "miye sijuwe kusema mbele ya batu. Nitasema kidogo. Mwaka wa themanini na tatu, wakati wa ule utawala ya zamani, basoda walinikamata Bukavu. Walinitupa ndani ya kasho, ile gereza ya kule juu kambini. Tulikuwa batu sita. Kisha wakaleta wa saba. Alikuwa mwalimu. Walimu walikuwa wamegoma, yeye njo alikuwa anawasemea. Mwalimu Nathanaël."

Scholastique alikuwa ameketi safu ya pili na wanakwaya wenzake. Aliposikia jina hilo hakushtuka mara moja. Lilimpita kama jina la mtu mwingine, kisha likarudi.

"Walikuwa wamemupiga sana," mzee akaendelea. "Aliishi na sisi siku mbili tu. Alikufia mikononi mwetu, marehemu. Sasa musikie. Bibi yake alikuwa analeta chakula pale mulangoni. Basoda wakamuambia: bwana yako amekufa. Na munajua yule mama alisema nini? Alisema, basi wale wenye kubaki wakule. Akaendelea kuleta! Miezi na miezi, akiwa na mimba! Bandugu, hakuna mwenye alitukumbuka, hata familia zetu ziliogopa kukaribia ile njia. Miye niko hai kwa sababu ya ule mama. Sijaona sura yake hata siku moja. Njo ushuhuda yangu."

Ukumbi ukalipuka kwa haleluya na makofi. Katikati ya makofi hayo Carmel akasimama. Alikuwa amekua na hadithi ya baba yake na ya chakula cha mlangoni, aliijua kama watoto wengine wanavyojua sala ya Baba Yetu. Akamshika mama yake begani, akapaza sauti kwa Kiswahili chake kilichovunjikavunjika:

"Ni huyu! Huyo mama ni huyu! Ni mama yangu!"

Yaliyofuata Scholastique aliyakumbuka vipandevipande. Mikono ilimsukuma mbele. Mtu alimwekea kipaza sauti mdomoni, naye akakisukuma kando. Mzee Aimable alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akapiga magoti, mzee yule, akamshika miguu, na Scholastique akabaki akiutazama utosi wake wenye mvi chache huku watu mia mbili wakimwimbia Mungu kwa ajili ya wema wake.

Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mumewe amekufa.

Mambo yalikuwa hivi. Askari walipomchukua Nathanaël nyumbani, Scholastique alikuwa na mimba ambayo ilikuwa bado haijaanza kuonekana vizuri. Alizunguka ofisi zote za Bukavu mpaka mtu mmoja akamnong'oneza kuwa mwalimu yuko kambini. Kesho yake akapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akatia katika bakuli la bati lenye kifuniko, akalifunga kwa kitambaa, akapanda nalo kilima. Mlangoni palikuwa na sajini mmoja kutoka magharibi ya nchi, aliyekosa jino la mbele, ambaye wanawake waliowafuata waume na wana wao walimwita Pengo nyuma ya mgongo wake. Pengo alipokea bakuli, akaingia nalo ndani. Alipotoka, lilikuwa tupu.

"Amekula yote," alisema. "Anakushukuru."

Tangu siku hiyo bakuli tupu ndilo lililokuwa maongezi yake na mumewe. Alipika maharage, alipika sambaza, dagaa wa ziwani, walipopatikana, na kila liliporudi alilichungulia ndani kama mtu anayesoma barua. Siku moja chakula kilirudi nusu. Alikuwa amezidisha chumvi, akalia njiani kote akimwomba Nathanaël msamaha, kisha akamkasirikia kwa kuchagua chakula hata jela. Alipojifungua, alimbembeleza Pengo afikishe habari: ni mtoto wa kike, baba yake aseme ataitwa nani. Jibu lilikuja siku ya pili. "Amesema mwite Carmel." Scholastique alirudi nyumbani akicheka peke yake. Jina hilo hawakuwahi kulizungumza, lakini lilikuwa zuri, na lilitoka kwake.

Mvua kubwa zilipokwisha, Pengo akamrudishia bakuli bila kulifungua. "Usilete tena. Wamemhamisha." Wapi? Hakujua. Pengine Kinshasa, pengine porini. Basi Scholastique akangoja. Waliomposa aliwajibu kuwa ana mume. Vita vilipokuja na wakakimbilia Kigoma, alimwachia jirani habari za njia watakayopita, mwalimu akirudi asipotee. Hakuweka matanga. Amlilie vipi mtu aliyekuwa akila?

Mchana ule wa Houston, wenzake wakiwa wanakula pilau ukumbini, mzee Aimable aliwaomba yeye na Carmel waende kwake, ni karibu. Kilikuwa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya chini, pazia limefungwa ingawa nje kulikuwa na jua kali. Aliwapa viti viwili alivyokuwa navyo, mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na furaha ya mtu aliyelipa deni kubwa. Aliwamiminia soda.

Scholastique alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa dogo: sikujua. Lakini kila alipolifungulia mdomo aliiona ile furaha ya mzee, na neno likageuka kuwa swali.

"Alisema kitu?" aliuliza. "Hizo siku mbili?"

"Aliomba maji. Aliuliza ni siku gani." Aimable akafikiri. "Na alisema juu yako, Mama. Alisema: bibi yangu asikuje hapa. Iko na mimba, na hawa basoda ni babaya. Muambieni asikuje. Miye mwenyewe nilimupa Sajini ile maneno, ule wa pengo. Bila shaka alikufikishia."

Scholastique aliitazama soda yake.

"Na mlimzika?"

"Walitulazimisha tubebe, tuchimbe. Si mbali. Inje ya seng'enge, kwa ule mutelemuko wenye mikaratusi, pale wanawake walikuwa wanangojeaga."

Mikaratusi ile aliifahamu mti kwa mti. Pale ndipo alipokuwa akiketi kila siku na tumbo lake, kwa sababu udongo wa mahali pamoja ulikuwa laini na haukumwumiza, mgongo kwenye shina, bakuli mapajani, mpaka Pengo amwite. Akaiweka soda sakafuni bila kuionja. Carmel alimwona.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa."

Msichana akageuka kwa mzee, akatafuta maneno. "Papa Aimable, nilitaka kuuliza. Kama yeye alikufa siku ya pili, na mimi nilizaliwa baadaye... jina langu, nani alinipa?"

Mzee akatabasamu. "Kwani Mama hakukuambia? Sajini alikuja akasema, ule mama amezaa binti, na kwa sababu mutoto hana baba, anaomba ninyi wenye kukula chakula yake mumupe jina. Ee! Tulibishana siku nzima, batu wenye kuoza na chawa, tunabishana juu ya jina ya mutoto. Mwisho Muzee Parfait, alikuwa karani wa posta, akasema: apewe Carmel. Ni jina ya binti yake wa mwisho, alikuwa amemuacha na miezi tatu. Akalia, tukamukubalia. Alikufa mbele ya Pasaka kufika, Parfait. Tumbo."

Nje mtoto alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Ulisema ni Papa," Carmel alimwambia mama yake. Hakupandisha sauti. "Maisha yangu yote, umesema Papa ndiye alisema."

Hapo ndipo neno lile dogo lilipotoka.

"Sikujua," alisema Scholastique. "Papa Aimable, sikujua kama amekufa. Hakuna mtu aliniambia. Nilikuwa namletea yeye. Kila siku nilikuwa namletea yeye."

Mzee alimwangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akaelewa, na ikawa kama uso wake umezeeka mara moja hapo walipokuwa wakiutazama.

"Lakini alituambia," alisema. "Alitoka kwako, akatuambia, mama ameshajua. Alisema ulituma salamu. Alikuwa anachukua nusu yake, anatupatia nusu, na anasema, mama anawasalimu." Akaiangalia mikono yake. "Basi tulikula chakula ya mutu."

"Mlikula," alisema Scholastique.

Hakusema kwa ukali wala kwa upole. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwenye jua. Njia nzima ya kurudi Fort Worth alikaa kiti cha nyuma kabisa akiegemeza kichwa kwenye kioo, na wanakwaya, ambao walijua nusu ya habari tu, wakashusha sauti wakidhani ni furaha imemzidi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Kwa miaka yote alikuwa akimwota Nathanaël kwa namna moja: ameketi amempa mgongo, anakula taratibu, naye anangoja nyuma yake ili achukue bakuli. Sasa ndoto ile ilikatika. Badala yake ikaja sauti ya Pengo, nayo haikungoja usingizi. Ilimjia mchana, kazini, kwenye korido iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Akiingia kuchukua sahani ya mzee fulani na kuikuta tupu, aliisikia nyuma ya shingo: amekula yote, anakushukuru. Mara ya kwanza aligeuka kutazama. Mara nyingine iliangusha trei mkononi mwake.

Alijaribu kumchukia, lakini hata chuki hiyo haikumkaa sawasawa. Kama ni kwa ajili ya nusu bakuli ya maharage, mtu mzima alimweka maiti hai kwa miezi yote ile, basi alikuwa shetani. Lakini siku zingine aliliona lile pengo lake na macho yake yaliyokwepa kulitazama tumbo lake, na akawaza kuwa pengine siku ile ya kwanza sajini alitaka kusema, akashindwa kumwambia mwanamke mwenye mimba, na uongo ukishaanza unahitaji kulishwa kila siku. Na pengine aliwaona wale sita ndani, akapata njia ya kuwalisha. Pengine. Mtu huyo hakuwepo wa kumwuliza, na angekuwepo asingesema. Scholastique alilichoka swali hilo kuliko alivyochoka miguu.

Na Nathanaël alikuwa amesema asije. Hilo lilimtafuna kuliko yote. Neno moja tu alimtumia, na yeye akalikaidi miezi na miezi pasipo kujua, akilikalia kaburi lake na kumsengenya kwa habari ya chumvi.

Aimable alipiga simu. Alipiga tena na tena. Scholastique aliiacha simu iite. Akamwona Carmel akiichukua na kwenda kuzungumza kwenye ngazi za nje, hakumkataza, hakumwuliza. Kwa Kiswahili chake kibovu msichana alikuwa akimdodosa mzee habari za Parfait, karani wa posta, na za binti yule aliyemwachia jina. Aliwapigia watu wa Bukavu na Uvira, akaacha ujumbe kwa wachungaji wa mbali asiowajua. Karani wa posta mwenye jina hilo alikumbukwa na mtu mmoja tu, naye hakujua watoto walikokwenda.

Mwishowe ni Lydiah aliyemkalisha chini. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, katika chumba cha wafanyakazi. Akafunga mlango, akasimama mbele yake.

"Juzi trei, leo dawa ya mtu umempa mwingine, bahati nimeona. Mama Carmel, mimi sikuandikii ripoti, lakini uta-collapse. Niambie."

Scholastique akamwambia yote, tangu bakuli mpaka mikaratusi. Lydiah alisikiliza bila kumkatiza, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwakatiza watu. Scholastique alipomaliza, Lydiah alikaa kitako.

"Umemlilia?"

"Nimelia sana."

"Hapana. Nauliza, umemlilia? Umekaa chini, watu wakaja?"

"Mwili uko wapi?"

"Sisi kwetu mtu akipotelea ziwani, tunazika hata tunda badala ya mwili. Lakini tunazika. Huwezi kubaki unampikia kichwani mwako mpaka ufe na wewe."

Wakaweka matanga Jumamosi. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili. Vijana walitoa makochi wakayarundika barazani, wakatandika magodoro sakafuni. Wanawake walikuja na masufuria, na walimkataza Scholastique kukaribia jiko, mfiwa hapiki. Picha ya Nathanaël haikuwepo, zote zilibaki Bukavu. Mchungaji akasali, akasoma neno, kisha akamtaja marehemu kwa jina lake lote, na Scholastique akastaajabu jinsi neno marehemu lilivyokaa vizuri mbele ya jina lile, kana kwamba lilikuwa likilingoja.

Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mzee Aimable, suti ile ile ya kahawia, ametoka kituo cha basi. Carmel ndiye aliyemwita. Aliinamisha kichwa kumwelekea mfiwa, hakuthubutu kumkaribia, akaenda kukaa na wanaume karibu na jiko. Scholastique alimwona, akageuza uso.

Mama mmoja akaanza kilio. Alianza polepole kama watu wa kwao wanavyoanza, akimwita marehemu, akimwuliza kwa nini alikwenda bila kuaga. Wengine wakamjibu. Na Scholastique, aliyedhani machozi yalikwisha, akasikia kitu kikipanda kutoka chini ya mbavu, na sauti iliyotoka haikuwa sauti ya pili ya kwaya hata kidogo. Alimlilia mwalimu. Akalia kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya udongo ule laini na neno ambalo halikumfikia. Alimwambia: Nathanaël, nilikuja, na ulisema nisije, nilikuja. Wanawake walimshika mikono. Vioo vya madirisha viliitika.

Katikati ya kilio hicho mlango ukagongwa, kwa nguvu na kwa kitu kigumu.

Carmel akaenda kufungua. Alikuwa askari polisi, kijana mkubwa mwekundu wa jua, redio ikikoroma begani. Mtu fulani jengoni alikuwa amepiga simu kusema kuna mtu anauawa humo ndani. Kilio kilikatika ghafla, na watu wote chumbani wakatazama sare.

Mzee Aimable akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Aliinuka pale karibu na jiko, akageukia ukuta, akaweka mikono miwili juu ya kichwa, vidole vikishikana, akatulia hivyo na kipaji cha uso kikigusa rangi nyeupe. Alifanya hivyo upesi na vizuri kama mtu aliyekuwa akilifanya kila siku.

"Kuna nini hapa?" polisi aliuliza.

"Tunaomboleza," Carmel alimjibu kwa Kiingereza. "Baba yangu amekufa."

"Oh. Pole sana." Akashusha mkono uliokuwa kiunoni. "Amekufa lini?"

Carmel akageuka kumtazama mama yake. Halafu akamjibu yule kijana, akanyoosha shingo.

"Mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu."

Polisi akatazama magodoro, wanawake waliojifunga vitenge, masufuria. Macho yake yakafika kwa mzee aliyeelekea ukutani.

"Yule ana shida gani?"

Mikono ya mzee haikushuka. Scholastique aliona mgongo ule mwembamba, koti linavyoning'inia, na akawaza kuwa mgongo huo ulishiba kwa mkono wake. Haukuwa wa Nathanaël. Lakini ulikuwa umesimama pale, katika nyumba yake.

Akainuka kutoka sakafuni, miguu ikimuuma, akapita katikati ya watu. Akaushika mkono wa kwanza wa mzee, akautoa kichwani, akaushusha. Akaushika wa pili.

"Papa Aimable," alisema. "Si wao. Huyu ni polisi wa hapa tu, amekuja kwa sababu ya kelele. Si wao. Ukae."

"Wameita?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo. "Waliita jina?"

"Hawakuita. Ukae."

Akamkalisha kwenye godoro, akakaa kando yake, bado amemshika mkono. Kijana pale mlangoni aliwatazama kidogo. Hakuelewa lugha, wala hakuuliza tena. Akavua kofia, akamwambia Carmel kwamba wanaweza kuendelea, ila wajaribu kupunguza sauti, majirani wana watoto. Wakamsikia akishuka ngazi.

Chumba kizima kikamngoja Scholastique.

"Wale wengine," alimwambia mzee. "Wale wenye hawakutoka. Niambie walikuwa nani. Mmoja baada ya mwingine, na kwao ni wapi."

Mzee alipangusa uso kwa mkono wa koti.

"Muzee Parfait njo wa kwanza," alisema.

Carmel akaja, akakaa karibu nao. Mama yule aliyeanza kilio akalichukua jina, akaliita, akamwuliza Parfait kwa nini alikwenda bila kuaga, na wenzake wakamjibu, safari hii chini kwa chini, kama polisi alivyoomba.